Mzimu Aliyepewa Maneno

Ukiwa na shida na Tarsis usihangaike kumpigia simu, hapokei. Panda tu ngazi za ile ghorofa ya pinki iliyobabuka, nyuma ya Mtaa wa Mchikichi, pita duka la vitenge, pita fundi wa cherehani, mlango wa mwisho ghorofa ya kwanza. Gonga kwa nguvu. Usipogonga kwa nguvu utasimama hapo mpaka magoti yaume, maana mwenyewe ndani kavaa hedifoni na anagombana na Mchina.

Wengi hawamjui kwa jina la Tarsis. Mjini anaitwa DJ Kipaza. Kama umewahi kukaa kwenye banda la video Mbagala au Tandika ukamsikia jambazi wa Kichina akimwambia mwenzake, "We bwege, ulinikimbizia mchumba kule Tandale ukadhani nimesahau?" basi uliyekuwa unamsikia ni yeye. Kazi yake ni kutafsiri muvi. Anachukua picha ya Kichina, ya Kihindi, ya Kizungu, anaweka sauti yake juu: sauti ya polisi, ya mama mkwe, na ya mbwa ikibidi. Huu mwaka wa ishirini na sita. Kusema ule ukweli, Kiingereza chake ni cha kuokoteza na Kichina hajui hata salamu. Sasa nani anajali? Watu hawafuati Kichina pale, wanamfuata Kipaza.

Ana mtindo wake mmoja ambao ndio uliompa umaarufu. Wahusika wote huwabatiza majina ya watu wa mtaani kwake. Polisi mnene ni Hamis wa buchani. Mlevi ni Goodluck mpiga debe. Mwanamke yeyote mwenye huruma, anayebeba sinia, anayeuguza mgonjwa, anayelia msibani, huyo moja kwa moja ni Mama Shamsa. Watu wanaupenda mchezo huo, acha kabisa. Wapo wanaopanda ngazi kumbembeleza, "Mzee, na mimi niweke basi hata niwe dereva." Fundi cherehani aliwahi kununa mwezi mzima eti kwa nini kafanywa jambazi halafu kafa dakika ya tano.

Huyo Mama Shamsa ni mtu kweli. Jina lake Zamzam, mama wa makamo, ana jiko lake la chai na chapati pale chini kwenye kona. Kila asubuhi, wateja wakipungua, hupanda ngazi na chupa ya chai na chapati mbili zilizofunikwa sahani. Huweka mlangoni, huuliza hali, huondoka. Wakati mwingine husimama kidogo akasimulia habari za Shamsa binti yake aliyeolewa Magomeni. Ukimwambia asijisumbue anakuuliza, kwani ngazi ni zako? Kalifanya hilo miaka mingi, na Tarsis alishazoea kuamini kuwa kuna watu wameumbwa hivyo tu, na roho nzuri isiyo na sababu.

Na zaidi ya Mama Shamsa, hana mtu. Mke aliondoka zamani na mtu wa Morogoro. Mtoto hakupata. Mtu anaongea kutwa nzima kwa sauti za watu arobaini, anacheka, analia, anatongoza, anajijibu mwenyewe. Akizima mashine chumba kinakuwa kimya mpaka anasikia friji. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Asubuhi alizisikiliza zile kandambili za Mama Shamsa zikipanda ngazi kabla hata hazijafika.

Alikuwa na mdogo wake, Benedict. Miaka kumi na moja iliyopita Benedict alipanda basi huko Masasi kuja kumsalimia, bila kuaga wala kupiga simu, alitaka kumshtukiza kaka yake. Akateremka, akaingia Kariakoo Jumamosi saa nne asubuhi, begi kalikumbatia kifuani kama alivyoonywa kijijini kwamba mjini kuna vibaka. Ndani ya begi mlikuwa na korosho za kwao. Alipofika chini ya ghorofa ya kaka yake, mtu alipiga kelele: "Mwizi!"

Wewe unajua neno hilo Kariakoo linavyofanya kazi. Halichukui hata dakika mbili. Gazeti liliandika mistari minne, kwamba wananchi wenye hasira kali walimshambulia kijana asiyefahamika. Kituoni waliandika wakasema upelelezi unaendelea, na mpaka leo ukiuliza, unaendelea. Tarsis, alipokuja kumtambua mochwari, akapita mlango kwa mlango. Loo! Ukiwasikiliza watu wa mtaa ule, Jumamosi ile Kariakoo nzima ilikuwa imeenda msibani. Huyu hakuwepo, yule alifungua duka mchana, mwingine alikuwa anaumwa jino. Hamna aliyeona mtu anauawa mchana kweupe, na korosho zilizomwagika zikaokotwa zote.

Waliompiga Benedict, Tarsis aliwaacha. Walikuwa wengi, angemshika nani? Alimtaka mtu mmoja tu, yule aliyeanza kupaza sauti. Alikula kiapo mbele ya kaburi kwamba siku atakayomjua atamshika mkono, atamsimamisha katikati ya mtaa na kumwambia kila mtu, huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu. Hicho ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Vingine vyote vilikuwa kazi.

Sasa wiki ile Idrisa akaja. Idrisa ni kijana mwenye kibanda cha kujaza muvi kwenye flashi, ndiye anayemletea Tarsis kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Tamthilia ya Kizungu, mambo ya anga za mbali. Sehemu nyingine zote zimeshatafsiriwa na watu wengine, hii moja kila mtu kaikimbia. Wateja wananisumbua, mzee. Jumatatu naitaka."

"Wamekimbia nini?"

"Kuna mzimu humo haongei. Watafsiri wanasema watasema nini sasa?"

Tarsis akacheka. Mzimu haongei! Yeye aliwahi kumtafsiri kasa. Akaichukua.

Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa na mtaa umetulia, akakaa mbele ya maiki. Picha ilikuwa ya meli kubwa inayotembea katikati ya nyota, miaka mia tatu ijayo. Baharia mmoja kauawa humo na muuaji hajapatikana. Tangu siku hiyo watu wa meli wanamuona: anatokea kwenye korido, mwili wake umekuwa moshi, anafungua mdomo na sauti haitoki. Mpelelezi mwanamke anajaribu kukisoma kinywa chake kwa mashine. Tarsis akaanza vizuri tu, na madoido yake yote. Nahodha akawa Hamis wa buchani. Mpelelezi akamwita Dada Khairunnisa, kama yule wa duka la vitenge. Mpishi wa meli, mama mmoja mwenye sinia anayewapelekea watu chakula vyumbani, huyo huhitaji kuuliza, akawa Mama Shamsa.

Ikafika pale mzimu anaposimama jikoni. Dakika tatu nzima. Kamera imemtulia usoni, kijana wa watu, midomo inacheza, hakuna sauti, hata muziki hakuna. Mtafsiri hawezi kunyamaza dakika tatu, banda zima litapiga miluzi. Tarsis akafungua kinywa akitafuta kichekesho. Kilichotoka ni kitu kingine.

"Naitwa Benedict," alisema kwenye maiki. "Nimetoka Masasi. Nilikuwa nakuja kwa kaka yangu, na begi nililobeba lilikuwa la kwangu."

Hakujua kama jina hilo bado analo, jamani. Miaka kumi na moja hajawahi kulitaja jina lile kwenye kazi. Sasa likamtoka na mengine nyuma yake, kwa sauti ambayo haikuwa ya jambazi wala ya polisi, sauti ya mdogo wake kabisa, na ile lafudhi yao ya kusini ambayo yeye aliificha tangu siku ya kwanza alipofika mjini. Alizungumza machozi yanamtiririka. Kwenye picha mzimu akanyoosha kidole kumwelekea mama wa sinia, naye Tarsis, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, akamwita kwa jina alilompa tangu mwanzo wa muvi: "Mama Shamsa, mbona uliniitia mwizi? Nilikukosea nini?"

Alipomaliza alijifuta uso, akasikiliza tena, akaona haya. Alifikiria kuifuta. Lakini ni kweli ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na fundi akishaona kazi yake nzuri haifuti. Kuhusu Mama Shamsa hakuwa na wasiwasi. Mwaka juzi alimfanya malkia wa majini, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu Idrisa akaanza kuijaza kwenye flashi za watu. Kufika jioni mtaa wote ulikuwa umeisikia. Watu wakawa wanampa Tarsis mkono ngazini, "Mzee, umetuliza, wallahi." Hakuna aliyemuuliza Benedict ni nani. Hamis wa buchani alimsifia sana, halafu macho yake yakahamia kwenye mizani.

Jumanne asubuhi chai haikuja. Tarsis akasubiri, akasema labda wateja wamezidi. Jumatano haikuja. Alichungulia chini, akaona jiko halijawashwa. Akajisemesha, anaumwa huyo, akaanza kuuliza watu anakaa nyumba gani hasa, akagundua kwa aibu kwamba miaka yote hakuwahi kumuuliza. Alikunywa maji ya bomba akafanya kazi vibaya.

Jumatano hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, akasikia mlango. Alikuwa Mama Shamsa, kavaa baibui, mikono mitupu. Hakutoa salamu.

"Umejua lini?" akauliza.

"Kujua nini, Mama Shamsa? Ingia basi."

"Kaka Tarsis, usinitese. Shamsa kaniwekea kwenye simu, anacheka, mama umetoka tena. Nimeisikiliza mara nne. Umejua lini?"

Tarsis mdomo ulishafunguka kumwambia, weee, mama, ile ni muvi, jina nimeweka kwa mazoea! Neno lilikuwa kwenye ulimi. Kisha akaitazama mikono ya yule mama, inavyolikunja na kulikunjua pindo la baibui. Akanyamaza. Na Mama Shamsa akauchukua ukimya ule kuwa ndio jibu.

"Niliporwa simu siku ile," alisema akiwa amesimama pale pale mlangoni. "Kijana wa shati la bluu. Nilipogeuka nikaona shati la bluu linakatiza, limekumbatia begi, linakwenda haraka. Nikanyoosha mkono nikasema neno lile. Mara moja tu, kaka, mara moja. Halafu nikaona viatu vyake. Vina vumbi jekundu la safari. Aliyenipora alikuwa na kandambili. Nikapiga kelele, jamani siye, siye huyu! Nani alinisikia? Walishanisukuma mpaka mtaroni."

Tarsis alishika kiti. "Alisema nini?"

"Alikuwa anaonyesha huku juu. Anasema kaka yangu yuko pale, muulizeni kaka yangu. Akawa anaita jina lako."

Aliishia hapo, kana kwamba kuna lingine akalimeza. Akasema yuko tayari kwenda kituoni, kesho, leo, saa yoyote, amechoka kulibeba. Akasema chai ile haikuwa fidia, anajua mtu hafidiwi kwa chapati, ila alikuwa hawezi kupika kwa amani bila kumpelekea.

"Toka," Tarsis alisema.

Akatoka. Kandambili zikashuka ngazi.

Unaona ilivyo? Kampata. Yule aliyemtafuta miaka kumi na moja alikuwa anamgongea mlango kila siku ya Mungu. Tarsis alivaa viatu amfuate, amshike mkono kama alivyoapa. Akavivua. Akavivaa tena. Mwisho akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hajawahi kumwambia binadamu yeyote, wala padri.

Jumamosi ile alikuwepo chumbani. Alikuwa anatafsiri picha ya Kihindi, ya harusi, vichekesho vitupu. Kelele zikapanda kutoka mtaani zikaingia kwenye maiki zikamharibia. Alivua hedifoni, akasema peke yake, "Vibaka wamezidi, wammalize tu," akaenda akafunga dirisha. Akarudia kipande chake kutoka mwanzo, na kilitoka vizuri, watu walicheka nacho nchi nzima. Aliposhuka saa sita kununua maji, mtu alikuwa amelala barabarani kafunikwa maboksi. Tarsis aliruka mtaro akamuuliza muuza maji, "Huyo naye kaiba nini?"

Ndiyo maana alimtafuta mno yule mmoja aliyeanza. Alihitaji awepo mtu mwingine wa kulaumiwa.

Alhamisi asubuhi alishuka. Mama Shamsa alikuwa amewasha jiko, angefanya nini, watu wanakula. Alipomuona Tarsis anakuja alikaza uso, akafunga khanga vizuri kiunoni, tayari kwa kushikwa mkono mbele za watu. Tarsis akakaa kwenye benchi. Hakuwahi kukaa pale hata siku moja.

"Mama Shamsa," alisema kwa sauti yake ya kusini, ile halisi. "Mimi nilikuwepo. Nilizisikia kelele. Nikafunga dirisha."

Alisubiri ashangae. Hakushangaa. Alikuwa anageuza chapati, akaigeuza tena upande uliokwisha kuiva.

"Najua, kaka."

"Unajua vipi?"

"Nilikuona." Aliinama akaongea taratibu ili wateja wasisikie. "Alipoita jina lako sote tuliinua macho. Ukatokea, una shati jeupe, umeshika dirisha. Nikasema alhamdulillahi, kaka yake huyo, anashuka. Watu waliacha kumpiga, kaka. Waliacha kabisa, wakawa wanakungoja wewe. Na yeye akatabasamu. Ukafunga. Mmoja akasema, mnaona, muongo huyu, wala si kaka yake. Ndipo wakaanza mawe."

Tarsis alitaka kusema sikutazama chini. Ilikuwa kweli, hakutazama chini.

"Miaka kumi na moja," alisema badala yake. "Hukuniambia. Hata jana nilipokufukuza."

"Ningekuambia nini? Ungeishi vipi?"

Mteja mmoja akagonga kikombe akitaka chapati ya pili, akagonga tena, hakuna aliyemjibu. Tarsis alikuwa analia wazi wazi, mtu mzima, mbele ya Hamis, mbele ya fundi, mbele ya Kariakoo yote iliyojifanya haioni. Akasogea mwisho wa benchi. Mama Shamsa akaondoa kikaango kwenye moto, akaja akakaa kwenye nafasi ile.